Jirani Asiyependa Kubahatisha

Jirani yake Rispa pale Frere Town anaunda lugha ya kompyuta, na kutwa anaigombeza. Neno likiwa na maana mbili, kompyuta hujichagulia moja kimyakimya, naye hukuna kichwa kwa kalamu, akaibembeleza kama mtoto: "Usibahatishe, mwanangu. Uliza!" Vibonye vya kompyuta yake vinanukia nazi, maana hapiki bila tui. Jumamosi alikwishapasua nazi, akaita kutoka barazani: "Dada Rispa, hebu kaniazimie mbuzi kwa Mama Kaviha!" Rispa, mgeni aliyehamia juzijuzi kutoka Kisumu, hakuuliza. Alirudi akimkokota beberu anayelia kwa hasira.

Jirani alimtazama beberu, akakitazama kizio cha nazi mkononi, akacheka hadi akakaa chini. "Jamani, mbuzi ya kukunia nazi!" Kisha ghafla akaikimbilia kompyuta, vidole vingali vimelowa maji ya nazi. Aliandika kwa muda mrefu huku beberu akijilia mchicha wake bustanini, wala yeye mwenyewe asijali. Mwishowe akamwita Rispa, akaandika neno moja tu mbele yake: mbuzi. Safari hii kompyuta haikujichagulia. Iliuliza: "Mbuzi yupi, au mbuzi ipi?"