Mji Uliofuata Mvua

Jana nilifungua kitabu cha mtumba, na harufu ya karatasi iliyokaa kwenye moshi ikanirudisha jikoni kwetu, Mashuuru, wakati wa kiangazi kile kirefu.

Nilikuwa msichana wa shule ya msingi, na nilipenda riwaya za mwandishi mmoja wa ajabu. Kwenye picha ya jalada la nyuma alikuwa amevaa sufuria kichwani. Dada yangu aliniletea moja kutoka Kitengela. Humo, watu wa sayari kavu walifunga magurudumu chini ya nyumba zao, mji mzima ukaondoka kuifuata mvua.

Baba alikuwa amerudi kutoka malishoni na fimbo tu; ng'ombe wote walikuwa wamekufa kwa ukame. Siku nyingi alishinda ameketi jikoni. Jioni moja mama, akikoroga uji, akaniambia, "Msomee baba yako."

Nikasoma, nikitafsiri kutoka Kiingereza. Baba aliangalia moto tu. Nilipofika pale mji unapoanza kusonga, akainua kichwa.

"Na ng'ombe zao walizipeleka wapi?"

"Hawakuwa na ng'ombe, baba."

"Watu wahame bila ng'ombe?" Akacheka kidogo. "Huyo aliyeandika ako na wazimu. Endelea."

Niliendelea mpaka wakaifikia mvua. Walitoka nje wote, wakasimama midomo wazi, wakilowa.

Baba akajifunika uso kwa shuka. Kisha, polepole, akaanza kutaja ng'ombe zetu kwa majina, mmoja baada ya mwingine. Mama akaacha uji, akaja kuketi karibu naye.