Kibao cha Kiswahili kimempata mwenyewe

Jamani, leo mkuu wetu wa shule kavalishwa kibao!

Kwa msiojua: shuleni kwetu hapa Kariakoo, mtoto akikutwa anaongea Kiswahili anavalishwa kibao shingoni, mpaka amnase mwenzake amwachie. Sheria kaitunga madam mkuu mwenyewe.

Leo nafundisha darasa la tatu riwaya ya watoto ya Kizungu, ile iliyofupishwa. Yatima anapelekwa kwa mjomba tajiri, anakula peke yake kwenye jumba kubwa.

Nauliza maswali kwa Kiingereza. Feni tu ndiyo inaongea.

Mara Rehema, aliyevaa kibao tangu asubuhi kwa hiyo hana cha kupoteza, akauliza: "Mwalimu, kwani matanga waliyaanua lini? Kikao cha ukoo hakikukaa?"

Weee! Darasa zima likageuka msiba. Bibi yuko wapi? Nani kampa mjomba mtoto bila kikao?

Mlango ukafunguliwa. Madam, kakunja uso! Nikajua kazi sina.

Akasoma habari za yatima nilizoandika ubaoni. Akasoma tena.

"Hee! Mtoto wa marehemu anakula peke yake na mjomba yupo? Huo ukoo hauna shangazi?"

Kiswahili cha Buguruni kabisa, tena na mkono kiunoni.

Rehema akainuka, akavua kibao, akapiga goti kwa adabu, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Sasa hivi madam yuko getini anatafuta wa kumwachia. Mlinzi anamjibu kwa ishara tu.

Nyie mngefanyaje?

Mimi sijafungua mdomo tangu saa nne. Ndiyo maana naandika.