Sabuni ya Ng'ambo ya Songwe

Mwezi uliopita walimu wa shule ya msingi ya jirani waliniita nikawasimulie wanafunzi jinsi sisi wa Kyela tulivyochangia vita vya Kagera. Niliwaeleza habari za mchele, ng'ombe, na vijana wa mgambo waliopanda malori wakiimba. Watoto walinipigia makofi. Habari za shangazi yangu sikuzitaja, na nilirudi nyumbani nikijichukia.

Vita vilipoanza nilikuwa na miaka kumi na tisa, mmoja wa wale wahitimu wa darasa la saba waliofundishwa ualimu haraka haraka kwa sababu walimu walikuwa hawatoshi. Nilifundisha kijiji kilekile nilichokulia, huku Bujonde. Mama alifariki nikiwa mdogo, na aliyenilea ni shangazi, dada wa baba. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume, ambaye mimi nilimwita kaka tu, maana tulikula sahani moja.

Ulipofanyika mkutano wa michango, uwanja wa kijiji ulijaa. Kagera iko mbali na sisi. Wengi hata hawakujua iko upande gani. Lakini redio ilikuwa imesema nchi imevamiwa, na watu wakatoa. Wenye mpunga ghalani walileta magunia, wasio nao wakaleta mikungu ya ndizi. Shangazi alikuja akimvuta ng'ombe wake pekee, jike aliyekuwa anakamuliwa. Mwenyekiti wa kijiji alimsimamisha mbele ya watu akamwita mama wa taifa. Shangazi aliinamisha kichwa, akasema, "Mwanangu anakwenda. Ng'ombe abaki anafanya nini?"

Kaka aliondoka wiki ile na mgambo wenzake. Alimwacha mke wake ana mimba changa.

Halafu vitu vikaanza kutoweka. Chumvi ilikwisha, sukari ikafuata, na mafuta ya taa yakaja kwa foleni. Sabuni ndiyo ilituumiza zaidi. Tulifua kwa majani ya mpapai mpaka nguo zikawa na rangi ya tope. Ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, sabuni ilikuwapo, na wengi wetu tuna ndugu kule. Watu walivuka kwa mitumbwi asubuhi kama wanakwenda kusalimia, wakarudi na vipande vichache chini ya mihogo. Mkutano mwingine ukaitishwa. Tukaambiwa anayevusha bidhaa wakati wa vita ni mlanguzi, na mlanguzi ni adui sawa na yule aliye Kagera.

Mwalimu mkuu aliniomba nitunge wimbo wa wanafunzi juu ya jambo hilo. Niliutunga kwa jioni moja, nikaona fahari. Ulisema mlanguzi ni kupe, anainyonya nchi huku wenzake wanakufa. Watoto waliupenda kwa sababu ulikuwa na mahali pa kukanyaga miguu.

Mvua za masika zilikuwa zimeshashika, na mimba ya mkamwana wa shangazi ilikuwa imefikia mwisho, zahanati ilipomwambia aende kujifungua na sabuni yake, maana wao hawakuwa nayo. Shangazi hakumwambia mtu. Alivuka mto kule Katumba Songwe, akanunua miche miwili ya sabuni na chumvi kidogo. Wakati wa kurudi mgambo wawili walimkamata akishuka mtumbwini. Wote wawili walikuwa wa kijiji chetu, na mmoja alikuwa ameomba ruhusa asiende vitani kwa sababu ya mgongo.

Mimi niliambiwa tu na mwalimu mkuu, "Leo saa nne watoto waje uwanjani. Kuna mlanguzi amekamatwa."

Nilipofika nilimwona. Walikuwa wamemfunga ile miche shingoni kwa kamba ya mgomba, na kanga yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Mwenyekiti aliyemwita mama wa taifa alikuwa palepale.

Nilimwendea mwalimu mkuu nikamwambia kwa sauti ndogo, "Huyu ni shangazi yangu. Mwanawe yuko vitani."

"Ndiyo maana watu watakutazama wewe," akanijibu. "Anzisha wimbo."

Ningeweza kukataa. Ningefukuzwa kazi, labda na mimi ningeitwa adui, lakini ningeweza. Nilianzisha. Watoto wakapokea na kukanyaga miguu, na shangazi akazungushwa uwanja mara tatu. Alipopita mbele yangu hakunitazama kwa hasira. Alitazama midomo yangu, kama mtu asiyesikia anayejaribu kuelewa kinachosemwa.

Tulitangaziwa kwamba sabuni inapelekwa wilayani kuwa ushahidi. Siku ya tatu mwalimu mkuu aliwapa walimu kila mmoja kipande, akasema ni shukrani ya kijiji. Nilikijua kile kipande. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikasema, "Ndaga fijo," ahsante sana, kama tunavyosema kwetu. Nikaenda mtoni, nikaoga.

Mkamwana alijifungua wiki hiyohiyo, mtoto wa kiume. Siku ya nane mtoto akaacha kunyonya, taya zikakaza. Zahanati walisema ni pepopunda, na kwamba kitovu kiliingia uchafu. Sijui kama sabuni ingemwokoa. Nimewauliza manesi watatu katika maisha yangu, na kila mmoja amenijibu tofauti. Alizikwa mvua ikinyesha, kaburi likijaa maji haraka kuliko walivyoyachota.

Baada ya matanga nilikwenda kwa shangazi. Alikuwa anapepeta mchele. Nilipiga magoti mlangoni nikamwambia yote, pamoja na habari za kile kipande.

"Ulioga nayo?" akauliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Ilitoa povu?"

"Ilitoa."

Alipepeta mara mbili tatu. "Basi nenda, mwalimu," akasema. Hakuwahi kuniita mwalimu kabla ya siku hiyo. Tangu hapo hakuniita jina jingine.

Vita vilikwisha kwa ushindi. Tukaambiwa tufunge mikanda miezi kumi na minane, na mikanda yenyewe dukani haikuwapo. Kaka alirudi mzima, ila sikio moja lilikuwa limeharibiwa na mizinga. Kijiji kilimwandalia mapokezi, na niliagizwa niwapange wanafunzi. Hakuja uwanjani. Mke wake alikuwa amekwisha kumwambia. Alikuja shuleni kwangu badala yake, akasimama mlangoni mwa darasa na sare yake.

"Kule tulikuwa tunapewa sabuni," akasema. "Kila mwezi. Nilikuwa nawapa wenzangu, maana yangu ilikuwa inabaki."

Akageuka, akaenda zake. Kabla ya mavuno alimchukua mkewe na mama yake wakavuka mto, wakaenda kuishi kwa ndugu upande wa Karonga. Mwenyekiti alisema hadharani kwamba familia ile haikuwa na uzalendo tangu mwanzo, na hakuna aliyembishia, hata mimi.

Nilivuka mara mbili kwenda kuwatafuta. Mara ya kwanza niliambiwa wako shambani, nikangoja mpaka jua likazama. Mara ya pili shangazi alitoka, akanipa maji ya kunywa kama anavyopewa mpita njia, akaingia ndani. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipofariki hakuna aliyetumwa kuniita. Nilipata habari wiki mbili baada ya mazishi, kutoka kwa mwanamke muuza ndizi aliyedhani najua.