Bi Khole na Mpishi wa Televisheni

Tamima aliinua kawa akakuta chakula kiko vile vile. Samaki wa kuchemsha hakuguswa, supu imefanya utando juu, na kijiko kimelala pale pale alipokiweka mwenyewe juu ya kitambaa cheupe. Mama yake, Bi Khole, alikuwa kajiegemeza kwenye mito, anatazama dirishani kama mtu anayesubiri gari.

"Mama, hujala."

"Nimekula, mwanangu. Alhamdulillahi."

"Umekula nini, na samaki ananitazama?"

"Basi mle wewe, asikutazame."

Tamima alicheka, maana ulimi wa mamake ulikuwa mzima. Lakini alipofika jikoni kicheko kilimwisha. Yeye ni mtu wa wasiwasi tangu utoto. Mumewe Hamoud akichelewa kidogo barabarani kutoka kazini Mudhaibi, keshapigiwa simu. Binti yao Wasan akikohoa huko chuoni Nizwa, mama yake halali huku mjini Ibra. Wote wawili humcheka. Safari hii lakini hapana aliyemcheka, kwa sababu daktari alisema wazi: bibi anapungua kila akipimwa, na akipungua tena miadi ijayo itabidi alazwe, alishwe kwa mpira wa puani. Tamima alipata kumuona jirani mmoja na mpira ule. Hakutaka kumuona nao mamake.

Na mamake hakuwa mtu wa kukataa chakula. Bi Khole alizaliwa Unguja mjini, akaja Omani na mumewe mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakakaa Sur. Arusi nyingi za Waswahili wa Sur zilipikwa naye. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuita watu mtaa wa pili, na mwiko wake hakumpa mtu. Kisha akaanguka bafuni, nyonga ikavunjika, na alipotoka hospitali Tamima akamleta Ibra, atake asitake.

Alimpa chumba cha wageni, chenye zulia jipya na kiyoyozi kisicho kelele. Chakula kilikwenda kwake kwanza, kabla ya mtu yeyote kugusa, peke yake, juu ya sinia lililofunikwa. Yeye na mumewe walikula baadaye. Kila kitu kilikuwa laini na hakina chumvi wala mafuta, kama alivyoshauriwa, na Tamima akazidisha mwenyewe juu ya alivyoshauriwa. Hivyo ndivyo mkubwa anavyoheshimiwa, na hakuna jirani aliyeingia nyumba ile asimsifu.

Televisheni aliiweka chumbani humo ili mamake asione upweke. Alasiri moja alikuwa akitafuta kisomo cha Qurani, akipita stesheni moja baada ya moja, mara akatokea mwanamke mmoja mweusi, mnene, kavaa gauni la maua, anacheka peke yake mbele ya sufuria. Alikuwa mpishi wa Kimarekani, jina lake Miss Opal. Alichota siagi kwa mkono, akaitupa ndani ya uji mzito wa mahindi, akaitazama, akaongeza nyingine.

Tamima alisahau alichokuwa akitafuta. Yeye ambaye mafuta huyapima kwa kijiko cha chai, kwa ajili ya presha ya huyu na sukari ya yule, alikaa chini kitako akamtazama mwanamke asiyeogopa kitu. Bi Opal, ndivyo walivyokuja kumwita, hakupima. Kuku aliwalaza katika laban, maziwa ya mtindi, akawagaragaza kwenye unga, akawakaanga mpaka ganda likapasuka lenyewe. Makaroni aliyafunika kwa jibini mpaka hayaonekani. Na akionja hufumba macho. Kwa nusu saa ile Tamima hakumwazia mtu ugonjwa wowote. Kesho yake, alasiri, akarudi kukaa.

Siku Wasan alipokuja kutoka Nizwa kwa mapumziko ya wiki aliwakuta wote wawili mbele ya televisheni, bibi yake kainuka kwenye mito.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kaa, usimzibe. Anachambua kunde."

"Nani huyu?"

"Mtu wa Makunduchi," alisema Bi Khole.

Wasan alicheka. "La, bibi, wallahi huyu wa Amerika. Imeandikwa hapa chini. Amerika, kusini."

"Si ndivyo nnavyosema? Makunduchi ni kusini. Kunde, bamia, viazi vitamu, sembe. Mmarekani gani ale bamia? Huyu kapotea tu, hajui kwao."

"Bibi, lakini..."

"Mtazame anavyoshika mwiko. Marehemu shoga yangu Bi Zeyana akishika vile vile."

Hamoud, aliyekuwa kasimama mlangoni na funguo za gari, akasema, "Mama, basi tumpose awe mkewenza wa Tamima."

"Kwa chakula chako cha hospitali unachokula hapa, ningekuwa wewe ningeposa leo," Bi Khole akamjibu.

Tamima alijifanya hakusikia. Akamtazama mamake kwa pembe ya jicho kama anavyowatazama wote wa nyumba ile. Aliona kitu. Wakati Bi Opal akikoroga, mdomo wa Bi Khole ulikuwa ukitikisika kidogo, kama anayetafuna.

Kisha Bi Opal akatumbukiza pande la nyama ndani ya kunde, na Wasan aliyesoma maandishi ya chini akasema ni nguruwe. Tamima akakimbilia kubadilisha stesheni.

"Rejesha," alisema Bi Khole. "Yeye hajui, sie tunajua. Pale angetia papa mkavu. Angeona."

Jumatano Tamima alikwenda soko la wanawake la Ibra, ambalo mwanamume haingii. Alinunua kunde na mboga za majani, na kwa mwanamke mmoja wa bara ya Omani akanunua chupa ya samli ya nyumbani, ya rangi ya dhahabu, iliyopikwa na viungo. Siagi ya dukani hakuiamini. Papa mkavu alikuwa naye ndani, wa kutoka Sur. Akamroweka kutwa nzima, akibadilisha maji kila mara, mpaka chumvi ikaona haya ikatoka.

Alhamisi alipika kunde na papa. Harufu ilijaa nyumba mpaka Hamoud akauliza kama kuna wageni. Tamima alipakua sahani nzuri, akafunika kawa, akapeleka. Bi Khole alionja matonge mawili akasema, "Zimewiva vizuri. Mungu akubariki." Akanawa mikono.

Kama angesema ni mbaya, Tamima angepumua. Mamake hajapata kumwambia mtu wa nyumbani kuwa kapika vizuri; maneno hayo husema kwa watu baki. Tamima alirudi jikoni akakaa kwenye kiti cha plastiki, na machozi yakamtoka. Miadi ilikuwa wiki inayofuata.

Ijumaa asubuhi, kabla wanaume hawajakwenda msikitini, alijaribu mara ya mwisho: mkate wa mahindi wa Bi Opal. Bi Opal huweka siagi kwenye kikaango kizito, akakiacha ndani ya oveni mpaka kiungue, ndipo akamimina unga uliochanganywa na laban. Tamima alifanya vile vile, ila badala ya siagi akatia samli yake ya Jumatano, kwa wingi, bila kupima, kama mwenzake wa Amerika. Samli ilipopata moto, uwatu na bizari ya manjano vilivyokuwa ndani yake vikainuka, na harufu ikatoka jikoni, ikapita ukumbini, ikaingia kila chumba.

Kikasikika chuma cha kutembelea, ko, ko, ko. Bi Khole, ambaye tangu aje hakuwahi kutoka chumbani ila kwa kwenda msalani au hospitali, alikuwa kizingitini.

"Nani kazaa humu ndani?"

Wasan, aliyerudi tena kwa mapumziko na alikuwa akikata vitunguu, alimtazama mama yake. "Kazaa nini?"

"Hiyo samli ya uwatu ni ya mzazi. Mwanamke keshajifungua, ndio hupikiwa ile. Tamima, unapika nini na dawa ya mzazi?"

"Mkate wa Bi Opal, mama."

"Maskini Bi Opal. Nipe kiti."

Tamima alitaka kusema arudi akapumzike, sakafu inateleza, akianguka tena itakuwaje. Maneno yalifika mdomoni akayameza. Akampa kiti.

Bi Khole alimega ncha ya mkate ungali moto, akautafuna polepole, macho juu. "Mkavu. Nipe tena, pale katikati." Akapewa. "Hauna tui. Huyu wa Makunduchi kaisahau nazi, ndio tabu ya kukaa mbali. Na hizo kunde za jana ziko wapi? Nionje." Alionja kijiko. Akasema zimekosa ndimu. Zikatiwa ndimu, akaonja tena. Zimekosa pilipili, zikatiwa, akaonja. Akataka kuku ambao Tamima aliwalaza katika laban kwa chakula cha mchana waanze kukaangwa, na wa kwanza alipotoka akasema hapana mpishi anayepeleka kuku kwa watu bila kujua ndani amewiva, akamvunja paja.

Wasan alifungua mdomo. Tamima akamkanyaga mguu. Alikuwa anaona kila kitu: paja zima limekwisha, robo ya mkate haipo, na bakuli la kunde limefika nusu. Kimya kimya akaweka kijiko cha chai ndani ya sinki, akachukua cha kupakulia.

"Mama, hebu niangalizie chumvi."

"Chumvi sawa," alisema Bi Khole kijiko kikubwa kilipokwisha. "Lakini sina hakika. Lete."

Walipokuwa wakisubiri mkate wa pili, wenye tui, uive, Tamima aliuliza kwa sauti ya chini, kama aulizaye jambo dogo, "Mbona kule chumbani huli?"

Bi Khole alijifuta vidole kwa upindo wa kanga. "Nile vipi? Miaka yote nnakula nimesimama, mkono huu mwiko, mkono huu tonge. Wewe unanikalisha juu ya zulia, unaniletea sinia limefunikwa, peke yangu, kama mama wa bwana arusi alokuja kutoka Nizwa kuposa. Nnaona haya. Mgeni akila sana watu husemaje?"

"Mie nilikuheshimu, mama."

"Najua. Umeniheshimu mpaka nguo zinanivuka."

Wasan alicheka mpaka akakaa chini, na Tamima naye kikamshika, kicheko cha kulia ndani yake. Hamoud aliporudi kutoka msikitini alikuta mkeka umetandikwa pale pale mlangoni mwa jikoni, sinia moja katikati, kuku, kunde, makaroni ya jibini na mkate wa tui, na mama mkwe wake juu ya kiti, mwiko mkononi, anawaambia nani ale kipi. Akauliza kama na yeye anaruhusiwa mafuta leo. Bi Khole akampa shingo ya kuku.

Wiki iliyofuata walikwenda kwenye miadi. Daktari Hazim, kijana mpole, alisimama mwenyewe karibu na mizani, akatazama, akamwambia bibi ashuke apande tena. Tamima alikuwa kashika mkoba kwa mikono miwili, midomo inasoma.

"Ameongezeka," daktari alisema kwa Kiarabu. "Mashaallah. Hatumlazi. Anakula nini?"

Tamima akamtafsiria mama yake.

"Mwambie sili," alisema Bi Khole. "Naonja tu."

Tamima alimgeukia daktari akasema anakula kidogo kidogo, mara nyingi. Daktari akasema ni vizuri sana, aendelee vivyo hivyo, ila chumvi waitazame. Tamima aliahidi ataitazama, na kwa ahadi ile hakuna aliyehitaji kumtilia shaka.

Garini Bi Khole hakutaka kurudi moja kwa moja nyumbani. Alitaka wapitie nazi, kwa kuwa alasiri Bi Opal alikuwa anapika viazi vitamu, na mtu lazima awepo wa kumsahihisha.