Nywele Zilizofungwa Kwenye Leso

Ukumbi wa Bi Zuwena, kwenye uchochoro nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, ulinuka mafuta ya nazi yaliyochemshwa na uwatu, harufu iliyoganda nguoni hata baada ya kufuliwa. Kila Alhamisi, miaka ile ya tisini, wasichana wa mtaa tulikaa mkekani kungoja zamu ya kusukwa. Alikuwa mjane, na kusuka ndiko kulikomlisha. Akikukuta na chawa aliuliza kama wageni wako nao wamekuja kusukwa. Nywele zilizobaki kwenye kitana alizifunga katika pindo la leso yake, kisha akazifukia uani, chini ya mkomamanga, zisikanyagwe. Nilijua kwa sababu nilimfuata nikamuuliza, kama nilivyouliza kila kitu.

Nilipokuwa na miaka kumi nilishikwa na homa ya matumbo, nikalala wiki tatu. Nilipona, nikarudi mkekani, homa ikasahauliwa. Kama miezi mitatu baadaye nywele zilianza kutoka kwa mafungu, kwenye mto wa kulalia, kwenye kitana, vidoleni mwa Bi Zuwena, ambaye siku ile hakutania mtu. Ngozi ya kichwa ikaanza kuonekana. Shuleni msichana mmoja alinivua mtandio mbele ya darasa zima. Sikurudi tena shule, na tangu hapo sijatulia mahali.

Mama aliniuliza ni nani hunishika kichwa, ingawa alijua. Kisha akauliza, "Na zinazotoka, huzipeleka wapi?"

"Huzifunga kwenye leso yake," nikajibu, nikaishia hapo.

Kesho yake mama na shangazi walinishika mkono tukaenda kwake. Bi Zuwena alitupokea mlangoni, viganja vingali na mafuta. Alisikiliza tuhuma zao za uchawi mpaka mwisho. "Nimemsuka huyu tangu hajui kukaa sawa," alisema. "Muulizeni yeye. Anajua nazipeleka wapi." Nilitazama miguu yangu. Nilikuwa nimechoka kuwa mimi ndiye mwenye kasoro.

Alhamisi iliyofuata mkeka ulikuwa mtupu. Kabla ya Ramadhani alihama, na baadaye tukasikia amefia Kisauni kwa jamaa zake. Wiki chache baada ya kuhama kwake nywele zangu zilianza kuota, laini kama za mtoto mchanga, na mtaa mzima ukaona huo ndio ushahidi.

Nilikuwa mtu mzima, nimejifungua katika mji wa bara, nywele zilipoanguka tena. Muuguzi hakushtuka. Alinieleza kwamba uzazi, au homa kali, huzipumzisha nywele nyingi kwa pamoja, nazo hudondoka miezi miwili mitatu baadaye, kisha huota zenyewe. Nilimuuliza mara tatu kuhusu homa. Nikahesabu miezi kwa vidole.

Leo nywele zangu zinafika mabegani. Nikipita Mji wa Kale hakuna anayekumbuka kwamba niliwahi kuwa na kichwa kitupu. Lakini nikiuliza Bi Zuwena alikuwa akikaa wapi, hata waliozaliwa baada ya kuhama kwake hunyoosha kidole: nyumba ile pale, ya yule mchawi wa nywele.