Paja la Jumapili

Baba alipohama Butiama kuja kuishi nasi Bweri, niliamua kumfugia kuku wa kienyeji. Broila hakuwataka kabisa. "Hao nyama yao kama mkate," alikuwa akisema. Basi kila Jumapili tukitoka misa nilichinja jogoo, nikamchemsha muda mrefu, nikamwekea baba paja.

Jumapili moja nilirudi mezani na ugali wa kuongeza, nikamkuta anaitoa nyama mdomoni na kumtupia mbwa chini ya kiti. Aliponiona alishtuka kama mtoto.

"Meno yameisha, mwanangu," alisema. "Nilikuwaga naona aibu kukwambia, unavyohangaika."

Nilijisikia vibaya. Miezi yote ile alikuwa akishiba ugali na mchuzi tu.

Wiki iliyofuata nilinunua vifaranga chotara. Broila wangekua haraka zaidi, ila nilijua ladha yao asingeikubali. Chotara walizunguka uani wakidonoa majani na pumba kama wale wa kienyeji, na walipofika miezi mitatu walikuwa wazito, nyama yao bado laini.

Nilipochinja wa kwanza sikumficha baba. "Huyu ni chotara," nilimwambia. "Si broila, wala si wa kienyeji."

Alitafuna taratibu, kwa upande mmoja wa mdomo, sisi wote tukimtazama.

"Mbona mnanitazama? Kuleni," alisema, huku akisogeza sahani yake nimwongezee kipande kingine.