Wapiga Kura wa Gereji Yangu

Wanaume wa gereji yangu, Wazanzibari wenzetu huku ughaibuni, walikuwa mabingwa wa siasa. Kila Ijumaa jioni walikuja na viti vyao vya kukunja, wakakaa pale mume wangu alipopaswa kuegesha gari, na mie nikawapelekea kahawa na kashata. Uchaguzi wa Zanzibar ulipokaribia, wallahi hapakulalika. Walinunua kadi za simu, wakaiweka simu katikati, sauti juu, wakasomewa matokeo jimbo kwa jimbo. Nani kashinda wapi, sanduku gani limechelewa, nani kanunuliwa, yote walijua. Muulize mmoja wao meya wa mji anaoishi ni nani. Atakukodolea macho.

Sisemi wenyeji walikuwa bora. Mji wetu ulikuwa mdogo, kaskazini ya Fort Worth, watu wa chama kimoja tangu enzi za babu zao, na kila ukifika uchaguzi wa rais bustani zao ziliota mabango kuliko majani. Bendera mlangoni, bendera kwenye gari, uhuru mdomoni. Ukija uchaguzi wa mji, Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, hawaonekani. Vibibi vya kusimamia kura huketi ukumbi wa shule wakifuma sweta.

Mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakatuletea swali: mji uendelee kuchangia mabasi ya abiria, au ujitoe, hela zikatengeneze viwanja vya michezo? Bwana mmoja wa tabasamu pana alipita mlangoni kwangu kunadi kujitoa. Akaniambia mabasi yanaleta watu wasiojulikana. Kuniambia mie, nimesimama na mtandio wangu kichwani! Nikamfungia mlango.

Basi lenyewe mie sikulipanda. Aliyelihitaji ni mavyaa yangu, mama mzazi wa mume wangu. Figo zake zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki ilimpasa alazwe kwenye mashine ya kusafisha damu, na saa hizo mie niko zamu katika nyumba ya wazee, mume wangu yuko barabarani na lori. Ndipo huja ile gari ndogo ya shirika la mabasi, yenye kifaa cha kupandisha kiti cha magurudumu, ikamchukua na kumrudisha. Mji ukijitoa, gari ile haiji tena. Nililieleza hilo gerejini, mbele ya mume wangu, sahani ya kashata mkononi. Wote waliokaa mji ule na wenye uraia wakaapa watayapigia mabasi kura.

"Bi mkubwa ni mama yetu sote," akasema mmoja wao. "Hiyo kura ihesabu tumeshapiga."

Washapiga! Kulikuwa na siku tele za kupiga mapema, hakwenda mtu. Nikiwauliza wananijibu, mbona kimya? Mbona hakuna mikutano, hakuna gari la kipaza sauti? Kwao wao uchaguzi usio na foleni tangu alfajiri na askari wenye marungu haukuwa uchaguzi, ulikuwa mchezo wa Wazungu. Na Jumamosi yenyewe ikaangukia harusi Houston, mwendo wa saa nne na zaidi kwa gari.

Asubuhi wakakusanyika mbele ya nyumba yangu, kanzu zimenyooshwa pasi, wananukia udi. Nikawaambia shule ile pale, piteni kwanza.

"Wewe mwanamke huna subira," mume wangu akanijibu. "Nikahi ni adhuhuri. Tuta-vote tukirudi, hawafungi mpaka saa moja usiku."

"Mrudi kutoka Houston? Na biriani mle?"

Wakacheka. Wakaondoka kwa van mbili, honi juu.

Mie nikaenda peke yangu. Kibibi mmoja aliweka chini sindano zake, akaniuliza kama nimepotea njia. Ukumbi mzima tulikuwa mie na mzee mmoja mwenye mkongojo. Nikapiga kura, nikarudi kumchemshia mavyaa uji.

Mabasi yalishindwa kwa tofauti ya kura za watu wanaoenea katika van moja. Van moja! Walirudi Jumapili wakisifia tarabu na nyama. Nilipomwambia mume wangu matokeo, akasema, "Kumbe ilikuwa kweli." Kura ya mama yake mzazi, akaidhania mzaha. Nikatoka nje nisije nikamtukana, na mama yake alikuwa chumba cha pili.

Kiangazi kilipokwisha, gari ikaacha kuja. Gereji ikakutana, ikapitisha azimio kwamba watampeleka kwa zamu. Mashujaa! Mara huyu kaitwa kazini, mara yule gari imemharibikia, mara mwingine alidhani ni zamu ya mwenziwe. Mavyaa huketi sebuleni, buibui mwilini, mkoba mapajani, anaangalia dirishani huku miguu inamvimba. Mie nikawa natoroka kazini kumkimbiza, mpaka meneja akanionya. Ijumaa wao walikuja vilevile na viti vyao, ila kahawa nilikuwa siwapelekei tena.

Siku moja mavyaa akasema anataka kurudi Zanzibar.

"Mama, kule hakuna mashine," mume wangu akamwambia.

"Na hapa ipo?" akauliza kwa upole. "Nitaifikiaje, mwanangu?"

Mume wangu alimbembeleza wiki nzima, akalia, lakini mama yake alikuwa keshaamua. Sote tulijua safari ile ni ya kwenda kufa.

Siku ya kuondoka, siku ya kazi na saa za kazi, walikuja wote kumsindikiza uwanja wa ndege. Wa mji wetu, wa miji ya jirani ya Carrollton na Plano, na wake zao na watoto wamevalishwa vizuri. Magari yalijaa mtaa wetu mpaka yakapinda kona. Wakaanza kumgombania. "Apande kwangu!" "Kwangu kuna nafasi, mleteni huku!" Wakasukumana mpaka nikawapigia kelele.

Mavyaa alitulia kwenye kiti chake cha magurudumu, akayaangalia yale magari moja moja mpaka mwisho wa mtaa. Kisha akanishika mkono, akaniuliza taratibu, "Kumbe wote hawa wana magari?"